Spea ya Herufi K

Siku mliyoniaga nilipostaafu, bibi mmoja mwenye fimbo aliingia ofisini, akala keki yake taratibu, kisha akaomba aonyeshwe kompyuta. Mmoja wenu alimpisha kiti. Bibi hakutazama kibodi wala kioo. Alitazama ukutani, vidole vikakimbia mara moja tu, akanyanyuka. Kwenye kioo palibaki mstari huu:

Fundim wixi ;bili bqdoM

Mlicheka kwa heshima, kama watu wanavyocheka mzee akishika simu kichwa chini. Mimi nilicheka kwa sababu nyingine. Jioni hiyo hiyo mmoja wenu akaniuliza kama anaweza kufuta faili la zamani linaloitwa SPERA.TXT, maana hakuna programu ya siku hizi inayolihitaji. Nilimwambia asubiri. Sasa nina muda mwingi kuliko ninavyojua kuutumia, kwa hiyo nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara siviweki humu. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Kapalamsenga, ziwani, na shule niliiacha darasa la tano. Haikuwa shida ya nyumbani. Kulikuwa na injini ya boti imefunguliwa kwenye banda la samaki, na fundi wake alisema ataifunga Jumatano asubuhi. Jumatano nilikwenda kuangalia, Alhamisi nikaona aibu kurudi darasani. Baada ya hapo nimepakia dagaa, nimepasua mbao, nimefyatua matofali Ilembo, nimebeba mizigo stesheni ya Mpanda siku za treni. Sehemu moja sikuwahi kumaliza misimu miwili ya mvua. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, nilikuwa naondoka.

Taipureta ndiyo iliyonichelewesha. Mzee Anselmi alikuwa na chumba kimoja Majengo, na karibu kila taipureta ya wilaya ilipita mikononi mwake. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa mswaki wa zamani, kikopo cha mafuta ya taa na mashine iliyojaa vumbi.

"Safisha," akasema. "Usifungue kitu."

Nilifungua. Mchana kutwa nilikuwa natambaa sakafuni natafuta springi moja ndogo kuliko punje ya mchele, yeye amekaa anakunywa chai, hanigombezi wala hanisaidii. Nilipoipata, akanisogezea daftari.

"Haya, andika. Mashine ya nani, umekuta nini, umebadilisha nini."

"Lakini nimerudisha vilevile, mzee."

"Andika hivyo hivyo. Usipoandika, kesho utakuwa mgeni kwenye kazi yako mwenyewe."

Alipokuwa hai, niliandika. Alipofariki nikabaki na chumba, vyombo na wateja wake, na daftari nikaendelea nalo kama miezi miwili. Kisha likapanda juu ya kabati. Kalamu ilikuwa inanichosha kuliko nyundo, na mashine zote nilikuwa nazijua kichwani. Ndivyo nilivyodhani.

Kati ya wateja wale alikuwepo Mama Speransi. Alikuwa mchapaji katika ofisi ya Bwana Sinkala, ofisi hii hii, ila wakati ule ilikuwa vyumba viwili, meza tatu na benchi la watu wanaosubiri barua zao. Alijifunza kuchapa kwao Burundi akiwa msichana, kwenye taipureta za Kifaransa. Vita vilipowatoa huko aliishia kwenye makazi ya wakimbizi nje ya mji, akalima miaka mingi, mpaka Bwana Sinkala alipopata mahali fulani taipureta ya Kifaransa ambayo hakuna aliyejua kuitumia. Akauliza huku na huku, akaletewa Mama Speransi.

Nyie ambao hamjawahi kugusa mashine ya Kifaransa: herufi zake hazikai kama hizi. A iko juu kushoto, penye Q yetu. M iko pembeni ya L. Namba huzipati mpaka ubonyeze kitufe cha herufi kubwa. Mama Speransi hakuwa na shida na lolote kati ya hayo. Alichapa macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja, mdomo ukiwa kwenye mazungumzo, na karatasi ilitoka safi.

Kukaa kwake mjini kulitegemea kibali. Kila mwaka Bwana Sinkala alitakiwa kuandika barua kwamba mama huyu bado ni mchapaji wake na anamhitaji. Bila barua hakuna kibali, na bila kibali anarudi kwenye jembe, na mgongo wake wa miaka hamsini na kitu haukuwa tena wa jembe.

Mashine yake niliitengeneza mara nyingi. Mara mbili nilifanya zaidi ya kutengeneza. Ya kwanza aliniomba mwenyewe. Kwenye mashine ya Kifaransa, W iko chini kabisa kushoto, kwenye kidole kidogo, kwa sababu Wafaransa hawaihitaji sana. Sisi tunaihitaji kila neno la pili. Kidole kilikuwa kinamuuma. Nikaibandua ile herufi ya chuma kwenye mkono wake, nikaihamishia mahali pa Z, na Z nikaishusha. Siku tatu akazoea.

Ya pili ni mkono wa K. Ulikatika asubuhi moja, benchi limejaa watu. Spea sikuwa nayo. Nikaangalia kwenye mashine herufi isiyo na kazi, nikaiona X. Nikabandua X, nikachomelea K mahali pake kwa risasi ya kulehemu, na mahali pa K pakabaki pengo.

"Bonyeza X upate K," nikamwambia. "Ni kwa wiki mbili tu, mama. Spea inakuja na treni."

"Na X nikiitaka?"

"Nani anaitaka X Mpanda hii?"

"Kina Felix wote wa parokia," akasema. "Haya. Wiki mbili."

Spea sikuiagiza. Nilikuwa na nia, kisha kazi nyingine zikaingia, kisha nikasahau. Mama Speransi alipokutana na Felix aliacha nafasi moja, na karatasi ikishatoka aliijazia X kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri hivi kwamba wateja walidhani ni urembo. Hivyo ikapita miaka minane.

Katikati ya miaka ya tisini Bwana Sinkala aliletewa kompyuta. Ilifika kwa treni, imefungwa kwenye godoro, na ilifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, muda ambao jenereta yake iliruhusiwa kunywa dizeli. Pamoja nayo aliajiri Neema, binti aliyetoka chuo cha uhazili Tabora, mwepesi wa vidole na wa mdomo pia. Taipureta ziliwekwa pembeni. Ile ya Kifaransa, Bwana Sinkala alisema niifungue kwa ajili ya vipuri, nami niliifungua siku hiyo hiyo, maana nilikuwa na hamu ya kuona ekseli yake. Mikono ya herufi ikaingia kwenye kopo la maziwa pamoja na ya mashine nyingine.

Kesho yake Mama Speransi akakaa kwenye kompyuta, akachapa maombi ya kiwanja, barua aliyokuwa ameichapa labda mara elfu. Kwenye kioo ikatoka :qo;bi yq xiwqnjq.

"Mama," Neema akasema, "hicho Kirundi?"

"Kirundi hakina uchafu huu, mwanangu."

Akajaribu kuangalia vitufe. Ndipo ilipoharibika zaidi, maana alipoangalia vidole, vidole vilisimama. Wiki nzima akawa anatafuta herufi moja moja kama mtu anayeokota mawe kwenye maharage. Bwana Sinkala hakuwa mtu mbaya. Alimwita, mimi nikiwa chini ya meza naunga waya.

"Mama Speransi, barua ya kibali inatakiwa mwisho wa mwezi. Siwezi kuandika kwamba wewe ni mchapaji wakati huchapi. Wakija kuangalia nitasema nini?"

"Nirudishie mashine yangu, bosi."

Bwana Sinkala akainama akanitazama chini ya meza. Nikasema mashine iko kwenye kopo.

Nikaona ni juu yangu kurekebisha, na nikarekebisha kama fundi wa taipureta. Kwenye taipureta, ukitaka herufi ihame, unaihamisha. Basi Jumapili, watu wakiwa kanisani, nikang'oa vitufe vyote vya kibodi kwa mpini wa kijiko, nikavipanga upya Kifaransa, A juu kushoto, M pembeni ya L. Sikujua kwamba kila mstari wa vitufe una mwinamo wake. Kibodi ikawa kama mdomo wa mtu aliyepigana. Na nilipobonyeza A, kompyuta ikaandika q. Nikabonyeza tena, kwa nguvu. Q.

Jumatatu Neema alikaa, akachapa mstari, akatazama chini, akapiga kelele mpaka watu wa benchi wakasimama.

"Nani kaing'oa meno?"

"Sasa imekuwa haifai kwa mtu yeyote," Bwana Sinkala akasema. "Lazaro, angalau zamani ilimfaa Neema."

Zilibaki siku kumi na nane kufika mwisho wa mwezi.

Aliyetusaidia ni Deo, mtu wa makamo wa Tabora aliyekuwa anazunguka na treni kukagua kompyuta chache zilizokuwa huku. Alirudisha vitufe mahali pake bila kuuliza maswali, ila alikuwa anatikisa kichwa. Kisha akatueleza kwamba herufi haikai kwenye kitufe. Kitufe kinatuma namba tu, na ndani ya kompyuta kuna jedwali linalosema namba hii ni herufi ile. Jedwali la Kifaransa, akasema, lipo tayari. Akaandika amri moja, akapiga vidole vyake. "Kaa, mama. Umepona."

Mama Speransi akakaa, akachapa. A ikatoka A. M ikatoka M. Neema akaanza kupiga makofi. Halafu likaja neno "kwa", na kwenye kioo likatoka xza.

Deo akasogea. "Rudia, mama."

Xza.

"Huyu mama hachapi Kiingereza wala Kifaransa. Nani alimfundisha hivi?"

Mama Speransi akaniangalia mimi. "Muulize fundi. Alisema wiki mbili."

Kwa hiyo nilieleza, mbele ya benchi zima, W na Z, mkono wa K, spea ambayo haikuagizwa. Deo alicheka mpaka akavua miwani. Mama Speransi hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba tangu mwezi wa pili alijua spea haiji, ila hakuona faida ya kunisumbua, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshahamia.

"Jedwali kama hilo halipo duniani," Deo akasema. "Labda ulitengeneze." Akatoa kwenye begi diski moja laini, ameandika juu yake KBC kwa kalamu. "Hii programu haina picha wala rangi. Unaandika maelezo ya kibodi kwenye faili la kawaida, mstari kwa mstari. Unaandika amri. Maelezo yakiwa sahihi, inayageuza kuwa jedwali ambalo kompyuta inaweza kulitumia. Yakiwa na kosa, inakutajia namba ya mstari na kunyamaza."

"Inasema kosa ni nini?"

"Inasema kwa Kiingereza kifupi sana. Mimi narudi kwetu leo. Treni haingoji."

"Nitaiweza?"

"Fundi, hii ni ya kusoma. Usije na nyundo."

Aliniachia pia karatasi yenye picha ya kibodi, kila kitufe kimeandikwa namba yake. Karatasi ile niliibandika ukutani penye kalenda, na kwa siku nyingi nilikuwa nalala nikiiona. Kitufe cha Q yetu ni 16. Kitufe cha X ni 45. Cha K ni 37. Hadi leo nikikutana na namba 45 popote, hata mlangoni mwa nyumba ya kulala wageni, mkono wangu unaona K.

Maelezo yenyewe ni mepesi ukiyazoea. Mstari mmoja kwa kitufe kimoja: namba, herufi ndogo, herufi kubwa. 16 a A. Mstari unaoanza na nukta mkato programu inauruka, hapo unaweza kujiandikia unachotaka. Ukimaliza unaandika kbc spera.txt, unabonyeza, unasubiri. Mara ya kwanza ilinijibu mstari wa nne. Nikaurekebisha. Ikajibu mstari wa nne. Nilikuwa nimeweka herufi O mahali pa sifuri, kitu ambacho kwenye taipureta hakina tofauti hata kidogo. Jenereta ikazimwa nikiwa bado naukodolea macho mstari wa nne.

Shida kubwa haikuwa programu. Shida ilikuwa kwamba mashine iliyokuwa na mpangilio ule nilikuwa nimeshaivunja, na mimi sikukumbuka yote niliyoyafanya kwa miaka kumi. Nilimwaga kopo la maziwa mezani, lakini mikono ya herufi haisemi ilikaa wapi. Daftari la Mzee Anselmi nililishusha juu ya kabati. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya miaka mingi nyuma na maneno "nimepaka mafuta".

Nikamuuliza mwenyewe. "Mama, alama ya king'ong'o ya ng'ombe unaibonyeza wapi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Unaiandika kila siku."

"Mimi najua kuandika ng'ombe. Niambie niandike ng'ombe, vidole vitakwenda. Ukiniuliza alama, hapana."

Basi tukafanya hivyo. Nikamwambia achape barua zote anazozijua kwa moyo, kwa jedwali la kawaida la Kiingereza, nami nitalinganisha uchafu utakaotoka na kile alichokusudia. Akaanza, akauona uchafu kwenye kioo, vidole vikasimama. Neema akavua kitenge chake cha begani, akafunika kioo.

"Haya mama, jifanye ni karatasi."

Alichapa maombi ya kiwanja, hati ya mauziano ya ng'ombe, taarifa ya msiba, mwaliko wa komunio ya kwanza. Alichapa barua ya Kirundi kwa dada yake, ambayo sikuuliza inasema nini. Neema alitoa karatasi kwenye printa, nami nikakaa barazani na kalamu ya wino mwekundu. Palipotokea ng4o;be niliandika: kitufe cha 4 ni alama ya king'ong'o, kitufe cha pembeni ya L ni M. Palipotokea < niliandika nukta. Watu waliopita walidhani nasahihisha mitihani, na mmoja akanisalimia "shikamoo mwalimu". Nilimjibu marahaba. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nilikuta mabadiliko mawili zaidi niliyokuwa nimeyafanya na kuyasahau kabisa, alama ya mabano na alama ya kuuliza. Moja hadi leo sijui kwa nini nililifanya.

Kila asubuhi saa tatu nilikuwa namsubiri mtu wa jenereta. Nilijaribu, nikakosea, nikarekebisha. Mstari wa saba, mstari wa kumi na mbili. Siku ya K, programu ilikataa mstari wa kumi na tisa. Nilikaa nao asubuhi mbili. Neema ndiye aliyeona.

"Fundi, umeiandika 45 mara mbili. Hapa umesema ni K, huku chini umesema ni X."

"X iko pale, ndiyo mahali pake."

"Ulishaitoa mwenyewe. Ipe sehemu nyingine, au basi, iache."

Nilifikiri sana kuhusu hilo. Mahali pa zamani pa K, kitufe cha 37, palikuwa pengo. Nikaandika 37 x X. Kisha juu ya mstari wa kumi na tisa nikaongeza mstari wa nukta mkato, nikajiandikia maneno machache. Nikaita programu. Safari hii haikutaja mstari wowote. Haikupongeza pia. Ilirudi tu kwenye sehemu ya kusubiri amri, kama karani aliyegonga muhuri na kuita mtu anayefuata.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilitengeneza amri mbili fupi. Ukiandika SPERA kibodi inakuwa ya mama, ukiandika NEEMA inakuwa ya Neema. Kwa miaka iliyofuata mlio wa kawaida wa ofisi hii ulikuwa, "Mama, umeacha kibodi yako humu tena, nimemwandikia mheshimiwa madudu!"

Bwana Sinkala hakutaka kuoneshwa maombi ya kiwanja. "Hayo anayajua hata akilala," akasema. Akavuta kiti. "Tuchape barua yenyewe. Barua ya kibali. Nitasoma, wewe utachapa, hutaangalia chini. Ikitoka safi nasaini. Ikitoka vile, mama yangu, naisaini vipi barua inayosema unajua kuchapa?"

Benchi lilikuwa na watu wanne. Hakuna aliyeondoka. Mama Speransi alifuta viganja kwenye gauni, akaviweka kwenye kibodi.

Bwana Sinkala alisoma polepole, mama akachapa kwa kasi yake ya zamani, akawa anamsubiri mwenye kusoma. Mimi nilisimama nyuma nikiangalia kioo. Yah: kibali cha kuishi mjini. "Kwa" ikatoka kwa. "Mkurugenzi" ikatoka mkurugenzi. Namba zikatoka namba. Nilikuwa nahesabu kila K kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Nakala kwa," Bwana Sinkala akasoma, "Bwana Felix..."

Vidole vikasimama baada ya I. Nilikiona kidole gumba chake kikienda kwenye nafasi, ile nafasi moja ya kujaza kwa kalamu. Akakizuia. Kwenye kioo hakuna kalamu, na alilijua hilo.

"Fundi," akasema, bila kugeuka. "X umeiweka wapi?"

Nikafungua mdomo kusema thelathini na saba. Namba hiyo isingemsaidia chochote.

"Mahali pa K ya zamani, mama. Ile ya kabla sijaja."

Kidole cha kati cha mkono wa kulia, ambacho miaka minane hakikuwa na kazi pale, kikashuka. X.

"Ego," akasema, kwa lugha yao, yaani ndiyo. Akaendelea.

Bwana Sinkala aliisoma barua mara mbili, akaipeleka dirishani, akaisoma mara ya tatu. Akaomba kalamu. Kibali kilitoka.

Sikuondoka Mpanda baada ya hapo. Watu wamenipa sababu nzuri za jambo hilo, kwamba nimekomaa, kwamba nimeoa. Ukweli ni kwamba kila kompyuta mpya ilipokuja, jedwali la zamani halikukubali, na ilibidi nikae tena na SPERA.TXT, nijifunze programu nyingine, niandike maelezo upya kwa namna nyingine, niite amri, niambiwe mstari gani nimekosea. Nilikuwa bado sijaelewa kitu hiki mpaka mwisho, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kuondoka. Deo alikuja mara chache, akanifundisha mengine. Neema alifundisha wenzake, nao wakawafundisha nyie. Bwana Sinkala alifariki, watoto wake wakapanua ofisi. Mama Speransi alipata uraia pamoja na wengi wa kwao, akawa hahitaji barua ya mtu yeyote, lakini aliendelea kuja kuchapa mpaka macho yalipokataa kusoma karatasi za wateja. Anakaa Ilembo kwa binti yake. Vidole vyake mmeviona.

Sasa kuhusu faili. Likifunguliwa, mtaona juu ya mstari wa kumi na tisa maneno yale niliyojiandikia: K imewekwa mahali pa X. Kosa ni la fundi, si la mchapaji. Usirekebishe. Tangu daftari lipande juu ya kabati, hiyo ndiyo taarifa pekee ya matengenezo niliyowahi kuiandika.

Kompyuta aliyoitumia mama siku mliyoniaga ilikuwa na jedwali lenu, si lake. Ukichukua namba za vitufe alivyobonyeza na kuzisoma kwa SPERA.TXT, mstari wake unasema: "Fundi, wiki mbili bado?"

Kwa hiyo msilifute. Spea haijafika.